Waya wa Dirisha la Jikoni

Kila alfajiri, saa kumi na moja kasorobo, Fundi alishuka ngazi akiwa na kandambili miguuni na koti la kazini juu ya kanzu ya kulalia, akazunguka nyuma ya nyumba, akachomoa waya kwenye kigari, kisha akainua uso kuelekea dirisha la jikoni, ghorofa ya kwanza, na kusema kwa sauti ya chini asiwaamshe wapangaji wengine, "Vuta!" Huko juu mkewe akavuta. Alivuta kwa mikono miwili, kiuno amekiegemeza kwenye sinki, maana mguu wake wa kushoto haukuwa wa kutegemewa, na waya ukapanda ukutani taratibu mpaka ukaisha. Akauviringisha na kuuweka ndani ya beseni chini ya meza. Hapo Fundi husema, "Kumi," yaani vijiti vyote kumi vya chaji vimewaka kwenye kioo cha gari, naye mkewe hujibu, "Ahsante, Fundi," na siku ikawa imeanza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi minne. Jumanne hiyo waya ulipanda, ukaviringishwa, ukaingia kwenye beseni, na kutoka chini hakukusikika neno.

"Vingapi?" aliuliza mkewe.

Chini mlango wa gari ulifunguliwa, ukafungwa.

"Fundi, vingapi?"

"Vitatu."

Alidhani hakusikia vizuri. Jana yake vilikuwa saba, akashangaa kidogo, lakini saba vilimtosha kwenda na kurudi. Vitatu hakuwahi kuviona asubuhi.

"Vitatu? Saa tatu usiku nimechungulia nikaona taa ya kijani inawaka."

"Vitatu. Lakini vitakufikisha. Nenda polepole, usiwashe redio." Fundi alisema hayo akiwa ameinamia mlango wa gari, kama mtu anayeliambia gari. "Kurudi tutajua cha kufanya."

Manyunyu yalikuwa yameanza. Mkewe alifunga mikanda ya chuma cha mguu wake, akachukua gongo na mkoba, akashuka ngazi kumi na nane kwa hesabu yake ya kila siku, mkono mmoja kwenye reli. Fundi alikwisha mfungulia mlango. Alipompita kuingia garini, mumewe hakumtazama usoni.

Kazini walimwita Sauti. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kubwa, katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi chenye dirisha lisilofunguka, na wako madaktari waliofanya kazi pale miaka mitano ambao hawakuwahi kumwona uso lakini wakaitambua salamu yake. Mtu akipiga simu analia, hajui ndugu yake amelazwa wodi gani, Sauti humwambia, "Kaa hapo hapo, usikate, namtafuta," na yule mtu hutulia. Ajabu ni kwamba mwanamke huyo aliyezungumza na watu mia mbili kwa siku, akishaweka simu chini alikuwa hana mdomo. Akiuziwa mkate wa juzi, aliula. Akikanyagwa mguu, aliomba radhi yeye.

Kigari kilikuwa kitu pekee alichowahi kukitaka na kukisema. Alikiona mara moja barabarani, kimetulia kwenye taa nyekundu kati ya malori mawili, hakingurumi wala hakitoi moshi, na dereva wake mama mtu mzima. Kilikuwa na viti viwili na pedeli mbili tu, ya kwenda na ya kusimama. Hakuna klachi. Mguu wa kulia ulitosha. Akaweka akiba miaka tisa. Kilipofika, kikiwa kimekwisha tumiwa na mwingine lakini betri yake bado nzima, wifi yake alikizunguka mara mbili akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Wifi yangu, hebu niambie ukweli. Hiki ni kigari, au ni jokofu limeota magurudumu?"

"Ni kigari, wifi."

"Na ukisahau kukichomeka je, samaki wanaoza?"

Sauti alicheka naye. Fundi ndiye aliyetandaza waya. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa kuaminika mjini, aliyeingia kwenye mashimo ya maghorofa kuwatoa watu walionaswa, na aliwaambia wapangaji wote kwenye ngazi, bila kuulizwa, kwamba kazi ile ameifanya kwa mikono yake mwenyewe na mtoto angeweza kuushika ule waya akalala nao.

Mvua ilikolea alipofika kwenye kilima cha tangi la maji. Alikuwa amewasha taa na vifuta kioo, kwa kuwa bila hivyo asingeona kitu, na kijiti cha pili kilizimika pale pale mlima ulipoanza. Aliinama mbele kwenye usukani kana kwamba uzito wake ungesaidia. "Twende, twende," alinong'ona. Kigari kilipunguza mwendo, kikawa kinatambaa, kijiti cha mwisho kikawaka na kuzimika, kikawaka na kuzimika, halafu vyote, taa na vifuta na ule mlio mwembamba, vikanyamaza kwa pamoja.

Nyuma yake honi zilianza. Dereva wa lori alishusha kioo alipomfikia.

"Mama! Hiyo kitu umesahau kuitia betri za tochi?"

Watu wa kituo cha basi walicheka. Wanaume watatu walikuja hata hivyo, wakakisukuma kando ya barabara, na mmoja wao akasema kilivyo chepesi angeweza kukibeba begani akampelekea nyumbani. Hakuwa na nia mbaya. Alipomwona akishuka na gongo na chuma, yule mwanamume aliacha utani, akamshika kiwiko bila kuombwa, akamshikilia kwa nguvu mno, akampigia kelele dereva wa pikipiki: "Wewe, njoo umchukue huyu mgonjwa, anakwenda hospitali!"

"Nakwenda kazini," alisema Sauti, lakini alisema ndani ya mtandio, hakuna aliyesikia.

Alifika saa kumi na mbili na dakika hamsini, na zamu yake huanza saa kumi na mbili kamili. Simu za hospitali haziachwi hata dakika moja, hivyo mwenzake wa zamu ya usiku alikuwa bado kitini, kichwa amekiegemeza kwenye kiganja. Alikuwa binti mwenye mtoto wa miezi mitatu, na blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa upande mmoja.

"Nisamehe, mdogo wangu. Gari limezimika."

"Nimekuelewa, dada," alisema yule binti akivaa koti haraka juu ya ile blauzi. "Mtoto ndiye haelewi."

Saa nne mkuu wa utawala alimwita. Alikuwa mama mkavu, si katili, aliyependa kupanga kalamu zake kwa urefu. Mbele yake palikuwa na karatasi tatu, na Sauti alizijua mbili: barua za onyo za enzi za kupanda basi, moja ya mwaka juzi na moja ya mwaka jana.

"Keti. Miezi minne hukuchelewa hata siku moja," mkuu alisema. "Nilianza kukusifu kwenye vikao. Nikasema, mnaona? Mtu akitaka anaweza."

"Ndiyo, mama."

"Leo binti wa watu amekaa hapa saa kumi na tatu na mtoto mchanga nyumbani. Mimi nikijifanya sioni, kesho nitamwambia nini?" Aliigeuza karatasi ya tatu ili Sauti aisome. "Hii ni ya tatu. Unajua baada ya tatu kuna nini. Nimeiandika, sijaitia sahihi. Ukichelewa tena kabla mwezi haujaisha, naitia. Sitaki, lakini nitaitia."

Sauti alitaka kueleza habari za vijiti na mvua na kilima. Alisema, "Ahsante, mama," akatoka akiwa ameshukuru kwa onyo.

Jioni ile Fundi aliazima gari la kazini akakivuta kigari mpaka uani. Jikoni alifungua na kufunga bomba la sinki bila sababu, akanawa mikono mara mbili. Sauti alikaa kwenye stuli ya jikoni, mguu ameunyoosha.

"Asubuhi ulikuta waya umechomekwa kwenye gari?"

"Umechomekwa."

"Na huku juu?"

"Huku juu, nyuma ya jokofu, umechomekwa vilevile." Alitafuta taulo. "Labda chaja ndiyo ina kasoro. Vitu hivi bwana, vinapendeza kwa macho tu."

"Chaja haiwezi kuwaka saa tatu halafu ikakataa. Kuna mtu anachomoa kule chini, halafu anarudisha kabla hujashuka."

"Nani ana muda huo?"

"Mtu asiyelala."

Wote wawili walijua ni nani asiyelala. Chini yao, kwenye chumba chenye dirisha lililopitiwa na waya, aliishi mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio tangu enzi za redio kubwa kama makabati, na nyumba nzima walimwita Mzee Redio. Alikuwa mjane. Taa yake iliwaka hadi alfajiri. Na mwezi uliopita alilalamika mbele ya watu kwamba waya wao ukipeperushwa na upepo unamgongea dirisha kama mwizi anayeomba ruhusa.

"Achana naye," Fundi alisema haraka. "Mzee wa watu."

"Nikiachana naye, nitaachana na kazi."

Hakuwahi kumgombeza mtu maishani. Alijikaza kisabuni, akashuka ngazi kumi na nane, akabisha hodi. Mzee Redio alifungua akiwa na kifaa cha moto cha kulehemu nyaya mkononi, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Karibu, mwanangu. Ingia, usisimame na mguu huo."

Upole ule nusura umrudishe juu. "Sikai, mzee. Nimekuja kuuliza tu. Ni wewe unayechomoa waya wangu usiku?"

Mzee hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikiweka kile kifaa juu ya meza polepole, kwenye kigae chake, ili kisiunguze kitu.

"Mimi?"

"Ulisema unakukera. Ungeniambia nikauhamisha, mzee wangu. Kuliko kunichomolea kimya kimya. Leo nimekwama mlimani kwenye mvua, watu wananicheka, na kazini wameniandikia barua. Unaniharibia kazi." Sauti yake ilikuwa imepanda, akaisikia ikigonga ukuta wa ngazi. Mlango mmoja ulifunguliwa juu, na mwingine ng'ambo. "Kama una kinyongo na mimi sema! Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu," alisema Mzee Redio. Aliishusha miwani machoni, amtazame vizuri. "Mwanangu, nimeshika umeme wa watu miaka hamsini. Watu wameniachia funguo za nyumba zao. Sijawahi kuchomoa waya wa mtu." Akavuta pumzi. "Nililalamika, kweli. Kulalamika nimelalamika. Mzee ana kazi gani nyingine?"

Mtu mmoja juu akacheka. Sauti aligeuka na kumwona Fundi amesimama katikati ya ngazi, mfuko wa zana begani. Alimtazama mumewe akitaraji neno, lolote, la kumsaidia au la kumzuia. Fundi alihamisha mfuko kutoka bega la kushoto kwenda la kulia, akatazama chini.

"Samahani kwa usumbufu, mzee," Sauti alisema mwishowe, na mlango ukafungwa taratibu, bila kubamizwa.

Usiku uleule, wakiwa mezani, Fundi alikata shauri kwa niaba ya wote wawili. Wasikichomeke tena kile kigari. Ni kimeo. Dada yake anamfahamu mwenye duka la dawa anayetafuta gari dogo la kupelekea wateja dawa. Wamuuzie kabla hakijawatia hasara. Na kuhusu kazini asiwe na wasiwasi, atampeleka yeye mpaka kwenye basi, kama walivyofanya miaka kumi na moja.

"Tutaondoka saa kumi na robo, tutawahi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulichangamka. "Mimi nipo bwana. Umesahau kwamba mimi nipo?"

Kituo cha basi saa kumi na nusu alfajiri kilikuwa na watu wengi kuliko nafasi. Basi halikusimama kabisa. Lilipunguza mwendo tu, na wenye miguu miwili wakalirukia. La kwanza likapita, na la pili. La tatu Fundi alilipiga ubavu kwa kiganja mpaka likasimama, akamkabidhi mtu gongo la mkewe, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mkewe.

"Tayari? Moja, mbili, na hopu!"

Miguu iliacha ardhi. Chuma kiligonga ngazi ya basi kwa mlio ambao kila mtu aliusikia, gauni likapanda juu ya goti, akalishusha kwa mkono mmoja huku anaelea.

"Fanya haraka na mzigo wako, mjomba!" kondakta alifoka.

"Huu si mzigo, ni malkia!" Fundi alijibu, na kituo kizima kikacheka, hata kondakta akacheka, na Sauti akacheka pamoja nao, kama alivyokuwa akicheka zamani. Mumewe alisimama chini akimpungia mkono, jasho jembamba linamtiririka, uso unang'aa. Alipendeza. Ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba alipendeza.

Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku zote tatu aliwahi. Alhamisi kwa dakika mbili tu. Alifika mtandio umekaa upande na kwapa linauma, akaketi, akavaa kisikilizio, akasema, "Hospitali, habari za asubuhi," na mpigaji wa kwanza hakujua lolote. Jioni alipopita uani alikiona kigari kimekaa pale pale, vumbi limeanza kukaa kwenye kioo. Mzee Redio alikuwa akifunga dirisha kila amwonapo. Hakulifunga kwa hasira. Alilifunga kama mtu anayempisha mwenzake njia.

Jumamosi mnunuzi alikuwa aje saa nane mchana. Wifi alifika mapema kusaidia usafi, kanga amejifunga kiunoni, mdomo haujapumzika tangu mlangoni.

"Leo utapumua, wifi. Gari la kuchomeka ukutani kama pasi! Mimi kaka yangu namjua, akisema kitu kibovu ni kibovu. Huyo akiisikiliza lifti tu anajua inaumwa wapi." Aliinama kutazama chini ya jokofu. "Ee! Mna shamba la vumbi huku. Hebu tulisogeze."

Walilisukuma pamoja, wifi kwa bega na Sauti kwa makalio, mpaka likatoka kwenye pembe. Ufagio wa wifi ulienda moja kwa moja kwenye vumbi. Macho ya Sauti yalienda ukutani.

Soketi ilikuwa imegeuka rangi. Upande mmoja plastiki ilikuwa kahawia, imelainika na kuvimba kama nta ya mshumaa, na ukuta juu yake ulikuwa na ulimi mweusi wa moshi wenye urefu wa kiganja. Pembe iliyopasuka ilifungwa kwa mkanda mweusi, mizunguko mitatu, ncha yake imekunjwa kwa ndani ili iwe rahisi kuubandua. Ni mtu mmoja tu aliyekunja mkanda namna ile. Hata mfuko wa sukari aliufunga hivyo hivyo.

Aliinama akanusa. Harufu ya kuungua ilikuwepo bado, hafifu.

"Nini?" wifi aliuliza.

"Hakuna kitu. Zima kwanza swichi kuu pale mlangoni, wifi."

Umeme ulipozimwa alikaa kwenye stuli na bisibisi ya mumewe, akalegeza skrubu mbili, na bamba la soketi likamwangukia mkononi lenyewe. Hakuhitaji kuwa fundi. Gari lilivuta umeme saa nane mfululizo kupitia waya mwembamba wa jokofu uliozeeka ukutani kuliko ndoa yao. Waya ulipata moto. Mtu aliona, akaona hata kabla ya Jumanne. Mtu akawa anaamka usiku kuchomoa hapa, nyuma ya jokofu, na alfajiri anarudisha kabla ya kushuka kusema "Vuta". Na mtu huyohuyo alisimama kwenye ngazi akamsikiliza yeye akimkemea mzee wa watu mbele ya majirani.

Mnunuzi alikuwa mtu wa heshima, shati limepigwa pasi. Alikuwa amekwisha kukizunguka kigari uani, akabonyeza matairi kwa kidole, akakaa ndani na kutoka. Sasa walikuwa sebuleni, yeye na Fundi na wifi, na Sauti aliwasikia kutoka jikoni.

"Ni kizuri kwa mji," mnunuzi alisema. "Petroli hainunuliwi, maegesho popote. Mbona mnakiuza?"

"Hakikai na chaji," Fundi alisema.

"Aa. Betri?"

"Nadhani."

"Basi bei itabidi ishuke, ndugu yangu. Betri ndiyo gari lenyewe."

"Itashuka, itashuka, tusigombane."

Sauti aliingia, gongo mkono mmoja, mkono mwingine umefumbwa. Aliufumbua juu ya meza mbele ya mumewe. Lile bamba lilibaki pale, kahawia, na mkanda wake mweusi.

"Shikamoo," alimwambia mnunuzi kwanza, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Kisha: "Hii iliungua lini, Fundi?"

Wifi alimtazama kaka yake. Fundi aliigusa ncha ya mkanda kwa kidole.

"Jumapili," alisema.

"Jumapili kabla ya Jumanne."

"Niliamka kunywa maji nikasikia harufu. Nikauweka mkono ukutani, ukuta una moto kama chuma cha pasi. Wewe na nyumba nzima mmelala. Nikachomoa. Nikasema kesho nitarekebisha. Lakini si kazi ya kurekebisha, ni ya kuanza upya. Inatakiwa njia yake peke yake kutoka kwenye mita, waya mnene, na kikata umeme chake. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Nililijua, nikapita njia ya mkato."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Nyumba nzima nimewaambia ni kazi yangu. Naingia kwenye mashimo ya lifti mimi, ghorofa kumi na mbili, watu wananing'inia. Nije niseme nimeshindwa na soketi ya jokofu?"

"Kaka," wifi alisema polepole, na safari hii hakuwa na utani. "Ungeunguza watu."

"Ndiyo maana nilikuwa silali!" Fundi alisema kwa ukali, halafu ukali ukamwishia. "Kila usiku nilikuwa naupapasa ule ukuta. Kila usiku."

Mnunuzi alisimama. "Labda nirudi siku nyingine."

"Kaa tu, mzee, huna kosa," Sauti alisema. "Lakini kigari hakiuzwi. Ni changu, na betri yake ni nzima. Samahani kwa kukusumbua."

Mnunuzi aliwatazama mmoja mmoja, akachukua kofia yake. Mlangoni alisema wakibadili mawazo wamwite, kisha akashuka. Fundi alibaki ameinamisha kichwa, kidole chake kinabandua ule mkanda na kuurudisha, kinabandua na kuurudisha.

"Jumatatu utakwendaje?" aliuliza. "Njia mpya itachukua wiki. Mwenye nyumba akubali kwanza, ndipo nikate ukuta."

"Kesho mchana tutakichaji kwenye soketi ya chumbani, kwa saa mbili tu kisha tunapumzisha, nikiwa nimekaa hapo hapo mkono ukutani. Jumatatu nikifika nitamwomba mkuu nichomeke kwenye karakana ya hospitali, kule kwa jenereta. Akikataa nitamwomba tena." Alishangaa kuisikia sauti yake. Ilikuwa ile ya kazini. "Na wewe leo hii utashuka kwa Mzee Redio. Utamwambia ni wewe. Mlango ukiwa wazi, kwenye ngazi, wasikie wote walionisikia mimi. Halafu nitaingia mimi."

"Nitashuka," Fundi alisema. Kisha, kama mtu anayetafuta pa kushika: "Lakini kuhangaika kote huku kwa nini? Nikupeleke mimi, mke wangu. Wiki hii nimekupeleka siku tatu, umechelewa? Kama zamani tu. Zamani kulikuwa na ubaya gani?"

Wifi alichukua ufagio wake akaingia jikoni bila kuambiwa.

Sauti aliketi kwenye kiti alichokiacha mnunuzi. Alitaka kusema hakukuwa na ubaya wowote. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni, limelainika kwa miaka, na mtu mbele yake alikuwa amechoka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliuchukua mkono wa mumewe wenye kidole kilichonata mkanda akaushika kwa mikono yake miwili.

"Zamani nilikuwa naona aibu," alisema. "Kila asubuhi, Fundi. Miaka kumi na moja. Watu walipocheka nilicheka ili usijue, maana wewe ulikuwa unafurahi, na nilijua unafurahi kwa sababu unanipenda. Hujanikosea. Ila sikupenda kubebwa. Hata siku moja sikupenda. Nataka kwenda mwenyewe."